Mchukuzi kwenye kiti cha meneja: kutengeneza kichekesho cha vipindi sita kisichoishiwa njiani

Vichekesho vya televisheni kuhusu mtu wa kazi za mikono anayepandishwa ghafla kwenye kiti cha ukubwa vina ugonjwa mmoja: vinaanza kwa kishindo na vinakufa mapema. Marekani, ambako aina hii imejaribiwa mara kwa mara, vituo vikubwa vilizoea kuagiza vipindi 13 kwanza, kisha kuongeza 9 kama watazamaji wapo. Kinachokufa mapema hufia ndani ya vile 13.

Sababu ni rahisi kuieleza kuliko kuikwepa. Mwandishi anajenga mzaha mzima juu ya kitu ambacho shujaa wake hakijui. Hajui kompyuta, hajui kikao, hajui kufunga tai. Kipindi cha kwanza watu wanacheka, na cha pili bado wanacheka. Kufika cha nne, ama ameshajifunza na mzaha umekwisha, ama hajajifunza na sasa anaonekana mpumbavu, na hakuna anayemfuatilia mpumbavu kwa wiki sita. Dawa yake ni kuugeuza mzaha: ujengwe juu ya kile anachokijua yeye na ofisi nzima haikijui. Yote yanayofuata hapa chini yanatoka kwenye kanuni hiyo moja, hata suala la uzito wa gunia.

Kazi kwanza, mtu baadaye

Chagua kazi yenye vitu vitatu: vifaa vinavyoonekana, maneno yake yenyewe, na mazoea ya mwili ambayo mtu hawezi kuyaacha mlangoni. Mtia kalafati wa majahazi, anayeziba nyufa za mbao, anafaa. Dereva wa gari la shamba anafaa. Hapa tunafanya kazi na mchukuzi wa gati ya Mkoani, Pemba, kwa sababu gati ina boti, ina mizigo, ina kelele, na kilima cha kupandia mjini kiko hapo hapo.

Kaeni gatini siku tatu kabla ya kuandika hata mstari mmoja. Fikeni kabla boti ya Unguja haijafunga kamba, ondokeni mkokoteni wa mwisho ukishapanda. Msichukue kamera, chukueni daftari. Andikeni maneno (simile, yaani nipisheni; kata, ile duara ya nguo ya kutulizia mzigo kichwani; mzegazega, mti wa kubebea mizigo begani; roda, gurudumu la kuvutia kamba; shehena; ujira) na andikeni mikono inafanya nini. Mchukuzi haangalii gunia kabla ya kulibeba, analipiga teke dogo kwanza. Anayepokea mzigo kichwani hapindi kiuno, anapiga magoti. Kata haitupwi chini, inaning'inizwa begani.

Kisha fanyeni zoezi hili: kila neno na kila tendo lipate kazi ndani ya ofisi. Makame (tumwite hivyo shujaa wetu) anapita kwenye ujia wa ofisi na mafaili matatu tu mkononi, na mdomo unasema "Simile! Simile!" wenyewe, makarani wanajibana ukutani. Bahasha ya zabuni anaipiga teke dogo kabla ya kuifungua. Mkipata mambo chini ya kumi na tano ya namna hii, rudini gatini. Vipindi sita vinakula mawili au matatu kila kimoja, na mengine yatakufa kwenye uhariri.

Tahadhari moja kuhusu kampuni yenyewe. Isiwe kampuni ya kununua karafuu, hata kama harufu ya karafuu kwenye majamvi inakuvutia. Karafuu Zanzibar hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC, kwa hiyo mtazamaji wa Pemba atajua papo hapo kuwa umebuni vibaya, na watu wa sensa ya filamu, wanaokagua skripti, watakuuliza unamsema nani. Ifanyeni kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo, yenye jina la kubuni lisilofanana na la kampuni yoyote iliyopo.

Amekipataje kiti?

Hapa ndipo miswada mingi inapovunjika mguu. Urithi wa ghafla ni mwepisi mno: ukishasimuliwa, hauna kazi tena. Bahati nasibu ni mbaya zaidi. Sababu nzuri ni ile inayoendelea kusukuma hadithi kila kipindi, na yenye nguvu kuliko zote ni hii: wakubwa wamemweka Makame kwa sababu wanataka mtu wa kutia saini bila kuuliza. Wamemchagua kwa ujinga wake. Yeye hajui hilo, mtazamaji anajua kuanzia dakika ya tano. Basi kila mara ujuzi wake wa gatini unapoharibu hesabu yao, kicheko na hadithi vinakwenda pamoja.

Watu wakuu wasizidi saba. Makame, miaka 46, ishirini na mbili gatini. Bi Zuhura, karani mkuu, miaka 58, anayejua kila kitu na hasemi mpaka aulizwe. Seif, naibu, miaka 31, mwenye shahada na uchungu wa kukikosa kiti. Hamadi, mchukuzi mwenzake Makame, aliyebaki gatini na sasa hajui amwite nani. Mke wa Makame. Mwenye kampuni, anayeonekana mara chache. Wa saba muachie kipindi chenyewe kimtafute.

Sasa umri huo si pambo. Kwetu shikamoo inafuata umri, haifuati cheo. Meneja Makame kila asubuhi anamwamkia karani wake, mbele ya wageni, na karani anaitikia "Marahaba" bila kuinua macho kwenye leja. Seif, aliyezoea kumwita "we hamali" gatini, sasa ni mdogo kiumri na mdogo kicheo, na shikamoo inamkwama kooni. Hamadi alikuwa akimwita "yakhe". Siku ya kwanza ofisini anajaribu "Mkubwa", anacheka mwenyewe, anajaribu "Bwana Meneja", anakohoa, mwisho anaondoka bila kumwita chochote. Mzaha huu hauchuji. Unaweza kuutumia kila kipindi kwa sekunde kumi na bado una kitu kipya, kwa sababu kila mgeni anayeingia ofisini analeta umri wake.

Ukurasa

Kwa nafasi ya nusu saa lengeni dakika 24, nafasi iliyobaki ni ya matangazo. Hiyo ni kurasa 22 hadi 26, maonyesho 9 hadi 11, mahali patatu tu: ofisi, gati, na baraza ya nyumbani kwa Makame. Hesabu ya ukurasa kwa dakika msiiamini. Someni skripti kwa sauti na saa mkononi, maana maamkizi yetu peke yake yanaweza kumeza nusu dakika ambayo kwenye karatasi ni mistari miwili.

Tazameni tofauti ya mzaha unaokufa na unaoishi. Huu umekufa:

SEIF: Meneja, hii ni kompyuta.
MAKAME: Kumbe! Nikadhani televisheni.

Hakuna mchukuzi wa leo asiyeijua kompyuta, simu yake ina intaneti. Mwandishi amemdharau Makame, na mtazamaji wa Mkoani anaona amedharauliwa yeye. Sasa huu:

Ofisini. Karatasi mezani: mchele, gunia 40, kilo 2,000. Makame anaagiza liletwe gunia moja. Analipiga teke dogo. Analiinua begani, anatulia, analishusha.

MAKAME: Arubaini na sita.
SEIF: Mizani imesema hamsini, Meneja.
MAKAME: Mizani haijawahi kuumwa mgongo.
BI ZUHURA (haangalii): Nimeshaandika arubaini na sita.

Kilo nne mara gunia 40 ni kilo 160, zaidi ya gunia tatu zima zimeyeyuka. Makame anainama kwenye mshono: uzi wa kiwandani ni mweupe, huu una rangi ya maji ya chai. Mtu amefungua, amepunguza, ameshona tena. Hapo mmepata mzaha, mmepata uhalifu, na mmepata kipindi cha pili chote, na Makame hakuwa mjinga hata sekunde moja. Angalieni pia mstari wa mwisho umewekwa kwa nani. Kicheko kikubwa ni cha mgongo, lakini kinachokifunga ni cha Bi Zuhura, kwa sababu kinatuambia alikuwa akijua siku zote.

Kila kipindi kijengwe juu ya kitu kimoja cha kushikika: kiti, mizani, muhuri, ufunguo wa ghala, na kadhalika. Kipindi cha nne, pale ambapo wenzenu hufia, wekeni wachukuzi wanaodai nyongeza ya ujira, wakiongozwa na Hamadi, kwa hoja zile zile alizofundishwa na Makame mwenyewe. Kuanzia hapo hadithi haitegemei tena ugeni wake ofisini. Kipindi cha umeme kukatika pia kinaandikika chenyewe: watu wa Unguja walioishi bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa jenereta inavyogeuza urafiki.

Kuhusu lugha: Kipemba kiwe kinywani mwa watu, kisiwe mzaha wenyewe. Ukimchekesha Muunguja kwa lafudhi ya Mpemba, umepata kicheko cha wiki moja na umeipoteza Pemba nzima. Mpeni skripti mtu wa Mkoani na mtu wa Wete, kaskazini ya kisiwa, kila mmoja peke yake, na wakubaliane au wasikubaliane, fuateni aliyezaliwa anakotoka mhusika.

Ruhusa

Skripti kamili iende Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar kabla hamjalipa kamera. Gati ni ya Shirika la Bandari, nao wana utaratibu wao wa usalama. Na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, wa kila shehia mnayopiga picha ajulishwe mapema, ana kwa ana, hata kama mna barua zote za dunia. Kwa sheha pelekeni mzee katika kundi lenu, si kijana mwenye kipaza sauti.

Gunia

Linastahili sehemu yake. Kosa la kawaida ni kulijaza sponji. Gunia la sponji linaonekana kwenye shingo ya mwigizaji: mishipa haijatoka, hatua ni nyepesi, na likitupwa chini halitoi mshindo. La kweli la kilo 50 nalo litamvunja mtu kufika mara ya tano ya kurudia. Jazeni makumbi ya nazi, na chini kabisa tieni mfuko wa mchanga wa kilo nane au tisa, jumla kilo 15 hadi 18. Mchanga ukae chini, la sivyo gunia linapinduka begani. Tengenezeni matatu yanayofanana, moja lenye mshono wa uzi mweupe, moja wa rangi, moja la akiba. Mwigizaji asibebe zaidi ya mara nne mfululizo bila kupumzika, na siku ya gunia asipewe kandambili mpya. Wekeni mchukuzi halisi kama mwalimu wake kwa siku chache, alipwe, na jina lake liandikwe mwishoni mwa kipindi akikubali.

Kupiga picha

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, wakati wa kusi. Masika, Machi hadi Mei, msijaribu gatini. Kusi lina ubaridi kidogo na jua la kuaminika, ila lina upepo, na upepo ni adui wa sauti. Ramadhani inarudi nyuma karibu siku kumi na moja kila mwaka, itazameni kwenye kalenda kwanza. Mchana wa mfungo waigizaji wamekauka koo na maonyesho ya kula hayawezekani.

Kamera mbili zinatosha. Hollywood walishazoea tangu 1951 kupiga vichekesho kwa kamera tatu mbele ya hadhira, lakini hilo linataka ukumbi, na ofisi ya Mkoani ina upana wa mita nne. Kamera moja imkamate anayesema, ya pili imkamate anayesikiliza. Ya pili ndiyo inayochekesha, msiipe mwanafunzi.

Fremu 25 kwa sekunde, shata (pazia la kamera) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukitumia 1/60 taa za mirija zitapepesa na hutaliona hilo mpaka ufike kwenye kioo kikubwa. Kanzu nyeupe saa sita mchana inaungua: ukiifungua lenzi kwa ajili ya uso, kanzu inakuwa shimo jeupe lisilo na mikunjo. Mvalisheni Makame kanzu ya rangi ya maziwa, kwenye kamera itaonekana nyeupe tu. Gatini piga picha kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa tisa na nusu.

Sauti ndiyo inayowaangusha wengi, basi tuichukue taratibu. Rekodini kwa kilohezi 48 na biti 24, kilele cha sauti kikae karibu desibeli 12 chini ya mwisho wa kipimo. Maikrofoni ya kifuani chini ya kanzu iliyopigwa wanga inakwaruza kama panya darini, kwa hiyo fueni kanzu mara mbili bila wanga, na ibandikeni maikrofoni kwa plasta ya hospitali kwenye fulana ya ndani. Kwa Bi Zuhura, buibui la kitambaa cha plastiki linakwaruza zaidi, maikrofoni ikae kwenye mtandio wa pamba ulio ndani, chini ya kidevu. Feni ya dari na kiyoyozi vizimwe kila mnaporekodi, na viwashwe mara tu mwongozaji akisema "kata", maana jasho litatokea ndani ya dakika tatu. Wekeni taulo na unga wa uso kwa kila mwigizaji. Mvua ikianza juu ya bati, msibishane nayo, kunyweni chai.

Adhana pangeni nayo ratiba, si dhidi yake. Misikiti haianzi pamoja, kwa hiyo kutoka wa kwanza hadi wa mwisho hesabuni dakika kadhaa. Adhuhuri, karibu saa sita na nusu, iwe ndiyo mapumziko ya sala na chakula. Alasiri fanyeni picha za karibu zisizo na sauti: mikono, muhuri, mshono wa gunia. Ijumaa anzeni kazi saa nane mchana. Honi ya boti nayo haina msamaha, chukueni ratiba ya boti na muibandike ukutani.

Msipige kipindi kimoja kimoja. Pigeni kwa mahali. Vipindi sita vya kurasa 24 ni kurasa 144. Kama ofisi ina asilimia 60, ni kurasa 86, na kwa kurasa saba kwa siku ni siku 12 au 13. Gati, kurasa 36, kwa nne kwa siku, siku tisa. Baraza, kurasa 22, siku nne. Jumla siku 26 za kazi. Ongezeni tatu za dharura.

Kupiga kwa mahali kunaleta tatizo lake: leo asubuhi ni kipindi cha kwanza, mchana ni cha tano. Pigeni picha za simu kila mwisho wa onyesho: ndevu, kofia, kalamu iko mfuko gani. Na hina. Hina ya mkononi inapauka ndani ya wiki mbili. Mwigizaji akienda harusini katikati ya kazi na kurudi na piko, ile rangi nyeusi ya mapambo, mpaka kwenye kiwiko, maonyesho ya mke wa Makame yatakuwa na mikono ya watu wawili. Liandikeni kwenye mkataba, au mwandikieni harusi ndani ya hadithi.

Meza ya uhariri

Msiweke kicheko cha kubandika. Onyesheni kipindi kwa watu ishirini au thelathini barazani, mmoja wenu akae pembeni akiwatazama wao, asitazame kioo, na aandike dakika na sekunde ya kila kicheko. Palipochekwa sana, ongezeni fremu 15 hadi 20 za uso wa anayesikiliza ili mstari unaofuata usimezwe. Paliponyamazwa, kata, hata kama ndipo mnapopapenda. Mkiona wazee wanacheka na vijana wametulia, mara nyingi tatizo ni kasi, si mzaha. Kwa kituo cha televisheni ulizeni kiwango cha sauti kabla ya kukabidhi, vingi vinafuata LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 23 chini ya sifuri, wakati YouTube huwa karibu 14. Faili moja haifai kote kuwili. Nakala ziwe tatu, moja ikae nyumba nyingine.

Onyesho la mwisho la kipindi cha sita lipigwe siku ya mwisho, waigizaji wakiwa wamezoeana. Msimrudishe Makame gatini na msimfanye meneja kamili. Bi Zuhura anafungua droo ya meneja kutafuta muhuri, anaikuta kata, imechakaa, ina chembe za chumvi. Anaiangalia. Anairudisha chini ya muhuri, anaifunga droo. Nje sauti inasema "Simile!" na hatuoneshwi ni ya nani.